Jiji au kijiji? Jinsi kodi na huduma zinavyoamua familia iishi wapi

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Dodoma, unapita Olasiti kabla ya kufika Kisongo. Wenyeji wanakumbuka mahindi, maharage na malisho ya ng'ombe. Leo misingi ya nyumba inachimbwa kila upande, na vibao vya "viwanja vinauzwa" vimepigiliwa kwenye miti. Barabara ya mchepuko ya Afrika Mashariki, yenye urefu wa kilomita 42.4 kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, imelifungua eneo hili lote la pembezoni, na uwanja wa mpira wa AFCON 2027 uko jirani, kata ya Olmoti.

Mtu anayekuja kutafuta pa kujenga huku anakutana na swali moja kubwa. Anunue Olasiti, ambako ni Jiji la Arusha, au asogee mbele kidogo upande wa Mateves na Kisongo, ambako ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha? Kwa macho ni vumbi lile lile na mlima ule ule. Kwa karatasi ni serikali mbili tofauti za mitaa, zenye sheria ndogo tofauti, huduma tofauti na ada tofauti.

Swali hilo si la Olasiti peke yake. Linawahusu wasikilizaji wetu wa Usa River, Ngaramtoni, Monduli na kila mahali mji unapokutana na shamba. Katika makala hii tunaeleza ni nini hasa kinachobadilika familia ikivuka mpaka, ni nini hakibadiliki, na mambo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Kwa ufupi

- Kodi kubwa Tanzania zinapangwa na sheria za nchi. Kuhama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hakuzibadilishi sana.
- Kinachobadilika ni huduma na ada zake: umeme, maji, barabara, taka, kibali cha ujenzi na aina ya hati ya ardhi.
- Gharama kubwa ya kuishi mbali na huduma haiji kwa jina la kodi. Inalipwa kwa nauli, kwa madumu ya maji na kwa muda.
- Asiyeweza kuhama bado ana njia nyingine: mkutano wa mtaa au wa kijiji.

Wazo lilianzia wapi

Mwaka 1956 mchumi wa Marekani, Charles Tiebout, aliandika makala fupi iliyokuja kujadiliwa sana. Swali lake lilikuwa hili: serikali itajuaje wananchi wanataka huduma kiasi gani? Sokoni ni rahisi. Mtu akitaka nyanya, ananunua. Lakini barabara, taa za mtaani na shule hazinunuliwi kwa fungu. Kila mtu angependa azipate, na kila mtu angependa mwingine ndiye alipie.

Jibu lake lilikuwa kwamba watu huonyesha wanachotaka kwa kuhama. Kama miji iko mingi, na kila mji una kiwango chake cha kodi na huduma zake, familia itachagua mji unaoifaa. Wenye watoto wengi wataenda kwenye shule nzuri hata kama kodi iko juu. Wazee wasio na watoto wa shule wataenda kwenye kodi ndogo. Wataalamu wanaita jambo hili kupiga kura kwa miguu: huendi kwenye sanduku la kura, unafunga mizigo.

Tiebout mwenyewe aliweka masharti ili wazo lake lisimame. Watu wawe huru kuhama bila gharama. Wajue vizuri kodi na huduma za kila mji. Miji iwe mingi ya kuchagua. Na kazi isiwafunge mahali pamoja. Ukiyasoma masharti hayo ukiwa Olasiti, utaona mara moja ni wapi yanapokwama. Lakini wazo lenyewe lina ukweli, na tutaona linafanya kazi wapi huku kwetu.

Kodi ambazo haziwi tofauti ukihama

Tuanze na kodi ya majengo, kwa sababu ndiyo watu huiogopa wakisikia neno "jiji". Kodi hii tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Mwanzoni nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka. Kwa nyumba ya ghorofa mjini, kila sakafu ni 7,500 kwa mwezi. Viwango hivi vimewekwa na sheria iliyopitishwa na Bunge. Havikupangwa na baraza la madiwani wa Jiji la Arusha, wala la Halmashauri ya Wilaya.

Hapa kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza, mpangaji anayenunua umeme kwa mita ya nyumba ndiye anayekatwa, lakini kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kwa hiyo mpangaji ana haki ya kuzungumza na mwenye nyumba ili wahesabiane kwenye kodi ya pango. La pili, nyumba moja yenye mita zaidi ya moja haipaswi kukatwa mara mbili. Mwenye tatizo hilo afike ofisi inayosimamia kodi hiyo na namba za mita zake. Mzee aliyefikisha miaka 60 naye aulize hapo hapo kuhusu msamaha wa nyumba anayoishi mwenyewe, kwa sababu sheria inautambua.

Kodi nyingine za nchi ziko hivyo hivyo. Ushuru wa mazao, ambao halmashauri huutoza mkulima anapouza, una ukomo wa kisheria. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. VAT unayolipa kwenye sabuni ni ile ile Ngarenaro na Kisongo.

Zamani haikuwa hivi. Wazee wetu wanaikumbuka kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, iliyofutwa mwaka 2003. Mgambo walipokuja kijijini kukagua stakabadhi, wanaume walikimbilia porini au kwa ndugu kijiji cha pili. Hiyo pia ilikuwa kura ya miguu, ila ilipigwa kwa hofu na haikudumu zaidi ya siku mbili tatu.

Kwa hiyo mtu anayekwambia "nunua kijijini ukwepe kodi" hakudanganyi kabisa, lakini anakupa sababu ndogo. Tofauti kubwa iko kwingine.

Umeme: mstari wa mpaka wenye bei

Mfano ulio wazi zaidi ni gharama ya kuunganishiwa umeme. Kuanzia Januari 2022, mteja wa mjini anayehitaji umeme wa kawaida wa njia moja, akiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, alipangiwa kulipa shilingi 320,960. Akihitaji nguzo moja ikawa 515,618. Kijijini gharama ilibaki shilingi 27,000.

Hebu fikiria maana yake kwenye eneo kama hili. Nyumba mbili zinazotazamana, moja iko mtaani na nyingine kijijini, zinatofautiana kwa shilingi 293,960 kwa huduma ile ile. Ndiyo maana tangu wakati huo swali la "hapa ni kijiji au ni mtaa?" limekuwa likiulizwa hadi bungeni, hasa kwa maeneo ambayo kwa jina ni mji lakini maisha yake bado ni ya shamba. Kabla ya kununua, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo husika, uliza kiwanja kile kinahesabiwa upande gani na gharama za sasa ni zipi. Usimtegemee dalali.

Maji: huduma inayovuta watu zaidi

Ukimuuliza mama yeyote wa pembezoni ni nini alichokitazama kwanza alipofika, hatakwambia kodi. Atakwambia maji.

Upande wa jiji maji yanaletwa na AUWSA, mamlaka ya maji safi na usafi wa mazingira ya Arusha. Mradi mkubwa uliogharimu takriban shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku, na sehemu ya maji hayo inatoka visima virefu vya wilaya ya Hai. Vijijini mwenye jukumu ni RUWASA, wakala ulioanzishwa mwaka 2019, na chini yake vyombo vya watumiaji maji vinavyosimamiwa na wananchi wenyewe. Chombo kizuri chenye mhasibu mwaminifu kinaweza kuwapa maji kuliko mtaa wa mjini wenye mgao. Chombo kibovu kinaacha mabomba yakauke pampu ikiharibika. Kwa hiyo usiulize tu "maji yapo?" Uliza "yanatoka siku ngapi kwa wiki, na pampu ikiharibika nani anatengeneza?"

Kuzunguka Mlima Meru kuna jambo la ziada, nalo ni madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Chemchemi na visima vingi vya ukanda wetu vinazidi hapo. Meno ya kahawia ni dalili ya kwanza, na katika maeneo kama Ngarenanyuki na Oldonyosambu kumekuwa na watoto waliopinda miguu kwa sababu ya kunywa maji hayo kwa miaka. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, madini yanabaki na kuzidi. Familia inayonunua kiwanja kwa kuringishiwa kisima ipime kwanza maji ya kisima hicho.

Shule, zahanati na barabara

Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa shule za msingi na kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na sita. Kwa hiyo ada haitofautiani jiji na wilaya. Kinachotofautiana ni umbali, idadi ya watoto darasani, idadi ya walimu, na michango ya chakula na mlinzi ambayo wazazi hukubaliana mkutanoni. Eneo linalokua haraka lina shida yake: nyumba huongezeka kwa mwezi, madarasa huongezeka kwa mwaka.

Mishahara ya walimu na wauguzi inatoka Serikali Kuu, na ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri nyingi. Barabara za ndani tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Jambo hili lina maana kwako: diwani anayekuahidi walimu kumi na lami hana fedha hizo mkononi. Anachoweza ni kusukuma, kupanga vipaumbele na kusimamia mapato ya ndani.

Mapato hayo ya ndani ndiyo yanayotofautiana kwelikweli. Jiji lina hoteli, maduka, masoko na maegesho ya magari. Halmashauri ya wilaya inategemea zaidi mazao, minada na biashara ndogo. Kwa sheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Halmashauri yenye mapato makubwa ina kapu kubwa, ingawa na foleni yake ni ndefu.

Ada za sheria ndogo nazo zinatofautiana. Ada ya taka, ushuru wa soko, leseni na kibali cha ujenzi hupangwa au kusimamiwa na halmashauri yako. Upande wa jiji, kujenga bila kibali ni kutafuta alama ya X ukutani.

Kodi iliyojificha ndani ya bei ya kiwanja

Mwaka 1969 mchumi mwingine wa Marekani, Wallace Oates, alitazama miji 53 ya jimbo la New Jersey. Alikuta kwamba shule zinapotumia fedha zaidi kwa kila mwanafunzi, bei ya nyumba inapanda. Kodi inapokuwa juu bila huduma ya kuonekana, bei inashuka. Maana yake, mnunuzi hulipia huduma mara mbili: mara moja kwa mwenye nyumba anapouziwa, na kila mwaka kwa serikali.

Hapo ndipo wazo la Tiebout linapofanya kazi Olasiti. Kodi zetu hazitofautiani, lakini bei za viwanja zinatofautiana sana. Kiwanja kilichopimwa, chenye bomba mbele na daladala karibu, kinauzwa ghali. Kile cha ndani, kisicho na barabara, ni rahisi. Mwenye kiwanja ameshakutoza thamani ya bomba ambalo hakulijenga yeye. Anayekimbilia mbali naye halipi bure. Analipa kidogo kidogo.

Tuchukue mfano. Weka bei za kwenu badala ya hizi zetu. Familia imehamia mbali, na bodaboda ya ziada kufika kituo cha daladala ni shilingi 2,000 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 52,000 kwa mwezi, yaani 624,000 kwa mwaka. Ikiwa pia inanunua madumu 10 ya maji kwa siku kwa shilingi 200 kila dumu, hiyo ni 60,000 kwa mwezi, au 720,000 kwa mwaka.

Jumla ni shilingi 1,344,000 kwa mwaka. Linganisha na kodi ya majengo ya 18,000. Linganisha pia na nafuu ya umeme wa kijijini ya 293,960, ambayo nauli peke yake inaimaliza kabla ya miezi sita. Hatusemi usinunue mbali. Kwa mtu anayelima na kufuga pale pale, asiye na safari ya kila siku, hesabu inaweza kugeuka kabisa. Tunasema piga hesabu nzima.

Ardhi ya jiji na ardhi ya kijiji

Tofauti nyingine iko kwenye hati. Ardhi ya mjini inaongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Ukiwa na hati, unalipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka kwa Wizara ya Ardhi kulingana na ukubwa, matumizi na eneo. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya mwaka huo huo, na hati yake ni ya hakimiliki ya kimila.

Kijijini, muuzaji na shahidi wake hawatoshi. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie mgeni kupata ardhi. Wengi wanaopoteza fedha pembezoni mwa miji walinunua kwa karatasi iliyosainiwa chini ya mti, bila kijiji kujua. Na kumbuka kwamba mpaka husogea. Mji ukipanuka, kijiji hugeuka mtaa, na sheria za mji zinakuja na ramani zake za barabara. Nyumba yako inaweza kukutwa katikati ya barabara iliyochorwa.

Si kila anayehama amechagua

Nchi yetu ina historia ya kuhama kwa ajili ya huduma. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere aliagiza kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba shule, maji na zahanati haziwezi kufikishwa kwa watu waliotawanyika. Wengi walipata shule. Wengi pia walihamishwa kwa nguvu. Kabla ya hapo, mwaka 1951, Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki na serikali ya kikoloni ili kupisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kulalamika. Kwa hiyo huku kwetu neno "kuhama" halina ladha moja.

Leo pia si wote wanaochagua. Mkulima aliyeuza ekari moja Olasiti ili asomeshe watoto anajikuta ananunua shamba lingine mbali zaidi, ambako zahanati iko mwendo wa saa nzima. Alikuwa hapa kabla ya bomba. Bomba limefika, yeye ameondoka. Mpangaji naye hapati faida ya bei kupanda. Barabara ikiwekwa lami, kodi ya chumba inaongezeka, na anasogea nyuma. Mfuko wenye fedha unasogea kufuata huduma, na mfuko mtupu unasukumwa mbali nazo.

Kwa jirani zetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali, na kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013. Huko tofauti ya kodi kati ya kaunti na kaunti inawezekana kuliko hapa. Watu wanafanya kazi Nairobi na kujenga Kitengela au Ongata Rongai, kaunti ya Kajiado. Hata hivyo, kinachozungumzwa zaidi huko nako ni kile kile: ardhi ya bei nafuu, maji na foleni ya asubuhi.

Kuondoka au kusema

Mwaka 1970 Albert Hirschman aliandika kwamba mtu asiyeridhika ana njia mbili: kuondoka au kusema. Alitoa mfano wa reli ya Nigeria. Malori yalipoanza kushindana na reli, wateja wenye uwezo na wenye sauti walihamia kwenye malori. Ungedhani reli ingeshtuka na kujirekebisha. Haikushtuka, kwa sababu wale ambao wangepiga kelele hawakuwepo tena.

Jambo hilo linatokea mitaani kwetu bila mtu kuhama. Jirani mwenye uwezo anachimba kisima chake. Anapeleka watoto shule ya kulipia kwa basi la njano. Anaajiri mlinzi. Bado analala Olasiti, lakini maji ya mtaa, shule ya kata na ulinzi shirikishi havimhusu tena, na haonekani mkutanoni. Wanaobaki ni wale wenye shida nyingi na nafasi ndogo ya kusikilizwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kila mtu anajenga ukuta wake, na ufa wa wote unabaki.

Sheria inatoa mahali pa kusema. Kijijini, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Hapo ndipo mapato na matumizi yanasomwa. Mjini kuna mkutano wa mtaa. Viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 kwa miaka mitano. Ukihamia mahali, jiandikishe kwenye daftari la wakazi. Usipojulikana, huwezi kudai.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua au kupanga

1. Hapa ni mtaa au kijiji? Mwone mtendaji ofisini, si dalali.
2. TANESCO wanalihesabu eneo hili kuwa mjini au kijijini, na nguzo ya karibu iko mita ngapi?
3. Maji yanasimamiwa na nani, yanatoka lini, na yamepimwa floraidi?
4. Shule ya karibu ina watoto wangapi kwa darasa, na michango ni kiasi gani? Waulize wazazi, si mwalimu mkuu peke yake.
5. Usiku mgonjwa akizidiwa, gari linafika? Na wakati wa masika?
6. Eneo limepimwa? Ramani ya mipango miji inaonyesha nini juu ya kiwanja hiki?
7. Nauli na maji kwa mwezi ni kiasi gani? Zidisha mara 12, kisha ndipo uangalie bei ya kiwanja.
8. Mkutano wa mwisho ulifanyika lini? Kama hakuna anayekumbuka, hilo nalo ni jibu.

Malipo yoyote ya serikali yawe na namba ya malipo na stakabadhi. Anayetaka fedha taslimu mkononi, muulize inaingia akaunti gani.

Mwisho, tunawakumbusha wale ambao hawana mpango wa kuhama. Familia nyingi za Olasiti na vijiji vya jirani hazitahama, kwa sababu makaburi ya wazee yako hapa, shamba liko hapa, na ndugu wako hapa. Kwao kura ya miguu ina maana moja tu: kutembea hadi kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji, kukaa, na kuuliza maji yako wapi.